Beringi Hii Itaishi Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Nyakato, Mwanza, mbele ya mafundi wa vifaa tiba na wanafunzi wao. Wengi mliokuwa zamu siku ile mmeniomba niiweke hapa, nami naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, mafundi wenzangu mliotoka Geita, Sengerema, Magu, Bunda na visiwani Ukerewe, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: mwangaluka! Asanteni kwa kuitika.

Nimepewa mada ndefu: uchaguzi wa beringi za usahihi wa hali ya juu kwa vifaa tiba na viungo bandia. Naomba niifupishe iwe swali moja, na swali hilo nitalirudia leo mpaka mlizoee: beringi hii itaishi wapi? Kabla ya namba yake, kabla ya bei yake, itaishi wapi?

Nianzie nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale Igoma, enzi ambazo baiskeli ndiyo iliyobeba abiria, mkaa, samaki na wagonjwa. Kazi yangu mimi, binti wa darasa la nne, ilikuwa kuosha gololi. Baba alifungua kitovu cha gurudumu la nyuma, akazimwaga kwenye kifuniko cha kopo chenye mafuta ya taa. Zililia kwa kugongana, halafu zikatulia. Tisa upande huu, tisa upande ule. Nilizifuta moja moja kwa kipande cha kanga kuukuu nikampa, naye aliishika kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaigeuza juani.

Siku moja akaona gololi moja ina kidoa kidogo mfano wa jicho la dagaa. Akaitupa. Kisha akazitupa na nane zilizobaki. Nikamuuliza, baba, nane nzima unatupa? Akaniambia: mwanangu, hizi nane zimeshalika. Nikiweka moja mpya katikati yao, hiyo mpya ndiyo itakuwa nene kuliko wenzake, itabeba mzigo wote peke yake. Itapasuka, na itaondoka na koni.

Halafu akamgeukia mwenye baiskeli. "Unapita wapi na hii baiskeli?" Yule akajibu kuwa anabeba sangara kutoka mwaloni wa Kirumba. Baba akajaza grisi mpaka ikatokeza pembeni, kusudi maji ya samaki yasipate njia. Aliyefuata alikuwa mwalimu anayekwenda shule na kurudi kwa njia kavu. Huyo alipakiwa grisi kidogo tu, baiskeli iteleze. Baiskeli aina moja, gololi aina moja, kitovu kilekile. Grisi mbili tofauti.

Ndugu zangu, nimesoma baadaye, nimepelekwa kozi, nimefungua mashine za mamilioni ya shilingi. Sijawahi kusikia kanuni ya kuchagua beringi iliyolipita swali lile la baba.

Sasa tuje kazini. Chukueni beringi ndogo inayojulikana kuliko zote, 608. Tundu lake milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Mtaikuta kwenye viatu vya magurudumu vya watoto, kwenye mota ndogo, kwenye vifaa vya maabara. Namba hiyo imewaeleza nini? Saizi. Basi. Ni sawa na namba ya kiatu. Gambuti la mvuvi ni namba 42, na kandambili ya kwenda bafuni ni namba 42. Je, mtamvalisha mvuvi kandambili akavute nyavu usiku kwa sababu namba ni ileile?

Mtaniambia: lakini mama, sisi tunaangalia na daraja la usahihi. Vizuri. Hapo napo pana mtego. Kwa kipimo cha kimataifa, ISO 492, tunaanzia daraja la kawaida, kisha 6, 5, 4, hadi 2. Namba ikishuka, usahihi unapanda. Wamarekani wana kipimo chao, ABEC: 1, 3, 5, 7, 9, na kwao namba ikipanda ndipo usahihi unapanda. Daraja la 4 la huku ndilo ABEC 7 ya kule. Mtu akiona 6 akadhani imeizidi 5, ameshanunua hafifu na risiti anayo.

Na hata ukilipata daraja sawasawa, limekuambia nini? Limekuambia vipimo: tundu limekosea mikroni ngapi, yaani sehemu za elfu za milimita, ringi inayumba mikroni ngapi inapozunguka. Halisemi chuma ni cha aina gani. Halisemi grisi. Halisemi kizimba kinachotenganisha gololi kimetengenezwa kwa kitu gani. Halisemi ulegevu wa ndani, ile nafasi ndogo kati ya gololi na ringi. Hayo manne unayauliza wewe, kwa mdomo wako, kabla hujatoa hela.

Mimi sikuuliza, na aliyelipa alikuwa mgonjwa. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja ya kanda hii, nilikabidhiwa hendipisi ya daktari wa meno, kile kifaa cha mkononi cha kuchongea jino, kinachoendeshwa kwa upepo na kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Isikilizeni namba hiyo vizuri. Ni mara 5,000 kwa sekunde moja! Beringi zake mbili ni ndogo kuliko kifungo cha shati, na gololi zake zina kipenyo cha milimita 1 hivi. Ikidondoka moja sakafuni, imekwenda. Nilipata beringi za saizi ileile, daraja la juu, kwa robo ya bei ya zile za mtengenezaji. Nikafunga. Ikaimba vizuri. Daktari akanishukuru mbele ya watu.

Wiki ya tatu nikaitwa mbio. Mgonjwa alikuwa bado kitini, mama wa makamo, mdomo wazi, ameikamata kanga yake kwa mikono miwili. Hendipisi ilitoa mlio mwembamba, mkali, ikakwama jino likiwa limechongwa nusu. Niliifungua pale dirishani penye mwanga. Grisi haikuwepo tena, palikuwa na uji wa kahawia. Gololi zina madoa. Kizimba kimepasuka vipande viwili.

Kulitokea nini? Hendipisi ile baada ya kila mgonjwa ilikuwa inaingia kwenye otoklevu, mtungi wa kuulia vijidudu, kwenye mvuke wa nyuzi 134. Chuma cha beringi za kawaida kina kaboni kama asilimia 1 na kromi kama asilimia 1.5. Ni kigumu, kinabeba mzigo vizuri sana, lakini mvuke ukikifikia hakina ngao. Chuma cha beringi kisichoshika kutu, kile cha 440C, kina kromi asilimia 16 hadi 18, na kromi hiyo ndiyo inayojenga utando mwembamba juu ya chuma unaozuia kutu. Vipo vyuma vipya zaidi ambavyo sehemu ya kaboni imeondolewa ikawekwa nitrojeni. Hivyo vinastahimili kutu kuliko 440C na vinazunguka kimya zaidi. Na zipo gololi za kauri, silikoni naitraidi, ambazo uzito wake ni kama asilimia 40 ya uzito wa chuma. Kwa mwendo wa mara 5,000 kwa sekunde, wepesi huo ni uhai, maana gololi nzito inajitupa nje na kuikandamiza ringi. Kizimba nacho lazima kiwe cha nyenzo inayovumilia mvuke, na mafuta lazima yawe yale yasiyooshwa na mvuke, yanayopuliziwa kila mara kwa utaratibu wa mtengenezaji.

Hayo yote sikuyauliza. Niliuliza saizi na daraja. Kosa lilikuwa langu, na yule mama alirudi nyumbani siku ile na nusu ya jino.

Kwa hiyo nawauliza tena: beringi hii itaishi wapi? Itaishi kwenye mvuke? Itaishi kwenye damu? Itaishi kwenye maji ya chumvi ya mwili? Au itaishi mahali pasipo na hewa kabisa?

Msishangae hilo la mwisho. Beringi ya namna hiyo mnapita mbele ya mlango wake kila siku, mlango wenye taa nyekundu. Ndani ya tyubu ya eksirei kuna sahani inayozunguka, na elektroni zinaipiga kwa nguvu kubwa mno. Ingesimama, pale zinapopiga pangeyeyuka. Ndiyo maana inazungushwa kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, joto ligawanywe ukingo mzima. Sahani hiyo imekaa juu ya beringi, na beringi iko ndani ya ombwe, kwenye joto la mamia ya nyuzi. Grisi gani itakaa humo? Hakuna! Itageuka mvuke, ombwe litaharibika, na tyubu itakuwa imekwisha. Kwa hiyo gololi zake hupakwa utando mwembamba wa fedha, ndiyo, fedha ya kutengenezea pete, au wa risasi, na madini hayo laini ndiyo yanayofanya kazi ya grisi. Zipo tyubu nyingine ambazo hazina gololi kabisa. Mhimili wake unaelea juu ya metali ya majimaji yenye galiamu.

Mnaujua ule mlio. Mpiga picha akibonyeza hatua ya kwanza ya swichi, sahani inanguruma ikishika kasi. Hatua ya pili, picha. Sasa kuna tabia ya kushikilia hatua ya kwanza huku unamwelekeza mgonjwa: mzee inua mkono, mzee vuta pumzi, hapana, mkono mwingine. Muda wote huo unakula ule utando wa fedha, na hakuna atakayeurudisha. Mwelekeze mzee kwanza, kisha ubonyeze. Wenzangu mlioko vituo vya mbali, tyubu ikifa leo mnajua mtakaa bila picha muda gani. Isikilizeni inavyozima pia. Iliyokuwa inateleza taratibu mpaka kusimama, ikianza kukatika ghafla au kukwaruza, andikeni barua ya kuomba fedha siku hiyohiyo.

CT na MRI, zile mashine kubwa za kupiga picha za ndani ya mwili, nazipita haraka, maana wengi hapa hatuzifungui kwa mikono yetu. CT ni mzigo wa mamia ya kilo unaomzunguka mgonjwa kwa chini ya sekunde moja, juu ya beringi moja kubwa ambayo mtu mzima anapita katikati yake. MRI ina sumaku isiyozimwa, kwa hiyo kitu chochote chenye beringi kinachoingia chumba kile, iwe kitanda au pampu ya dawa, chuma cha kawaida ni marufuku. Ni kauri au plastiki.

Lakini kabla beringi haijafika itakapoishi, inasafiri, na safari nayo ni maisha. Nitawapeleka Ukerewe.

Kituo kimoja cha afya kilipata sentrifuji mpya kabisa, mashine inayozungusha damu kwa kasi mpaka chembe zijitenge na maji, ya kupimia wingi wa damu. Ilitoka Mwanza kwa lori ikazunguka na Bunda, ikashuka hadi Kisorya enzi hizo barabara ni vumbi na mawe, ikavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Ikafunguliwa kwenye boksi ikiwa na plastiki yake. Walipoiwasha ikaunguruma kama mashine ya kusaga. Mhudumu wa maabara, dada mmoja makini sana, alikataa kuitumia. Alisema mstari kati ya chembe na maji ya damu hausomeki, mashine inatetemeka. Alisema hivi: "Nikimsomea mama mjamzito damu yake kwa mstari huu, nitakuwa namdanganya." Wakubwa wake wakamwambia mashine ni mpya, itumike. Yeye akang'ang'ania, akanipigia simu.

Nilipofungua beringi nilikuta kwenye njia ya gololi alama ndogo ndogo zinazong'aa, zimepangana kwa nafasi sawa kabisa, kila gololi na alama yake. Mashine haijawahi kuzunguka hata siku moja, lakini beringi imekufa. Kwa nini? Kwa sababu gololi ilikaa mahali pamoja njia nzima, mzigo wa rota, ile sehemu inayozunguka, uko juu yake, na lori linatikisika. Kila mtikisiko unaisukuma grisi kando kidogo, mwisho chuma kinasugua chuma palepale. Beringi inayozunguka inajipaka grisi yenyewe. Inayotikiswa ikiwa imesimama haina wa kuipaka.

Tangu siku ile, sentrifuji yoyote inayopita mikononi mwangu rota inatolewa na kufungwa peke yake, mashine inalazwa juu ya godoro la sponji, na tukifika kivukoni mhimili unageuzwa kwa mkono. Yule dada wa maabara nilimwambia na leo narudia hadharani: sikio lake lilikuwa sahihi kuliko karatasi ya mtengenezaji.

Wadogo zangu, hapohapo nawaambia kuhusu nyundo. Ukiwa unaingiza beringi kwenye shafti kwa kukaza, ringi inayokaza ni ya ndani. Sukuma ya ndani! Ukipiga ya nje, kila pigo linapita kwenye gololi kwenda ndani, na gololi inachimba shimo kwenye njia yake. Shimo hulioni kwa macho. Utalisikia baada ya mwezi. Tumieni bomba linalolingana na ringi, tumieni presi, mikono iwe safi. Chembe ya vumbi mnayoiona kwenye mwanga wa dirisha, kwa beringi ya hendipisi ni jiwe la barabarani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa. Viungo bandia.

Nyonga ni beringi. Mungu aliitengeneza: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, na ute katikati. Haina gololi ndogo ndogo. Inateleza uso kwa uso. Mtu mwenye nyonga bandia anapiga hatua kama milioni 1 kwa mwaka kwa kila mguu, na kila hatua inapakia nyonga mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili wake. Mfikirieni mama anayepanda mlima wa Bugando na ndoo kichwani. Na beringi yake hii hatufungui Jumamosi kuipaka grisi. Ikishindwa, ni kisu.

Huko Uingereza, katika hospitali ya Wrightington, alikuwepo daktari mpasuaji, John Charnley. Ndiye aliyeujenga upasuaji wa nyonga tunaoujua leo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitafuta kitu kinachoteleza kuliko vyote cha kutengenezea kikombe, akachagua Tefloni. Hakuna kinachoteleza kama Tefloni, au siyo? Wagonjwa kama 300 waliwekewa. Walitembea, walifurahi. Haukupita muda mrefu, vikombe vikalika vibaya, chenga za Tefloni zikajaa kwenye kiungo, zikachokoza nyama na kula mfupa. Charnley akaanza kuwafungua tena, mmoja baada ya mwingine, kutoa alichokiweka mwenyewe.

Mwaka 1962 akaja muuzaji na kipande cha plastiki nyingine, poliethilini, iliyokuwa ikitumika kwenye gia za viwanda vya nguo. Charnley aliichoma kwa ukucha wa kidole gumba, ikabonyea, akaondoka zake akijua haifai. Lakini fundi wake wa karakana, Harry Craven, aliichukua akaifunga kwenye mashine ya kusugua, akaiacha izunguke. Usiku na mchana. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Charnley hakuridhika na mashine tu. Alijiingiza chenga za plastiki zote mbili kwenye paja lake mwenyewe, aone mwili unazipokeaje. Palipoingia Tefloni palivimba. Palipoingia poliethilini palitulia. Mwezi Novemba mwaka huohuo akaanza kuiweka kwa wagonjwa, na mpaka leo, ikiwa imeboreshwa, vikombe vingi vya nyonga duniani ni vya jamii ya plastiki hiyo.

Nani aliiokoa kazi ile? Fundi! Mtu kama wewe. Mtu aliyekataa kuamini ukucha, akasema tuifunge tuone. Mafundi wenzangu, mnapoambiwa kwenye kamati ya manunuzi kwamba ninyi hamkusomea udaktari, mkumbukeni Craven. Tefloni ilishinda kwa kuteleza. Swali lilikuwa inalika kiasi gani, na chenga zake zinakwenda wapi.

Wengine wakasema basi tuache plastiki, tuweke chuma kwa chuma, hakitalika. Kichwa cha kobalti na kromi ndani ya kikombe cha kobalti na kromi, vimesuguliwa mpaka uso wake hauna mkwaruzo unaoshikika. Kwenye mashine za majaribio vilifanya vizuri. Kwa mtu, kikombe kikikaa upande kidogo tu, kichwa kinasugua ukingo badala ya katikati, ute unakatika, na kobalti inaingia kwenye damu. Mwaka 2010 kampuni moja iliondoa sokoni aina yake ya nyonga, na ilikuwa imeshawekwa kwa watu zaidi ya 90,000. Mashine ya majaribio ilikiweka kikombe kwenye pembe yake sahihi. Mwilini mwa mtu, mkono wa mpasuaji hutofautiana siku kwa siku, na nyonga ya huyu si nyonga ya yule. Itaishi wapi?

Kauri nayo ina kisa chake, na kisa hiki kinaniuma kuliko vyote kwa sababu hakuna aliyebadilisha mchoro hata mstari mmoja. Vichwa vya zirkonia vilikuwa vinasifika, vigumu, laini mno. Mtengenezaji mmoja wa Ufaransa akabadilisha tanuri la kuchomea, kutoka lile la kuchoma kwa mafungu kwenda lile la mkanda unaopita ndani ya handaki. Udongo uleule, mchoro uleule, tanuri jipya. Baadhi ya mafungu yaliyotoka humo yakaanza kupasukia ndani ya watu, na mwaka 2001 yakaondolewa sokoni nchi nyingi. Kauri ikipasuka mwilini haiondoki na vipande viwili. Inakuwa vigae vikali kama vya chungu, na daktari anavitafuta kimoja kimoja. Zirkonia ina udhaifu mwingine unaotuhusu sisi wenye otoklevu: mvuke wa moto unaigeuza muundo wake wa ndani, uso unakuwa wa kukwaruza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitolewa onyo kwamba vichwa hivyo visirudiwe kuchemshwa kwa mvuke. Kwa hiyo muuguzi wa chumba cha upasuaji akifungua boksi la kichwa cha kauri kisha kisitumike, asikirudishe kwenye otoklevu kwa mazoea. Asome karatasi.

Titani je? Titani inapendana na mfupa, ndiyo maana shina la nyonga hutengenezwa kwa titani. Lakini ukiifanya uso wa kusugua, inachubuka na kuweusha nyama. Kila kitu na mahali pake. Na kichwa cha kampuni hii msikipandishe juu ya koni, ile ncha ya shina, ya kampuni ile kwa sababu kimeingia. Koni zinafanana kwa jicho na kutofautiana kwa mikroni. Baba yangu hakuchanganya koni za baiskeli za aina mbili, mimi nichanganye za mama wa watu?

Pampu za moyo, zile zinazopandikizwa kuusaidia moyo dhaifu kusukuma damu, nitazigusa kwa sentensi chache. Zile za kizazi cha kati mhimili wake ulikaa juu ya beringi ndogo za jiwe la yakuti au kauri, zikioshwa na damu yenyewe, na palepale kwenye beringi damu ilikuwa na tabia ya kuganda. Zilizofuata rota inaelea kwa sumaku, haigusi kitu. Wahandisi walijiuliza itaishi wapi, jibu likawa kwenye damu, wakaiondoa beringi yenyewe.

Ombi langu ni dogo na ni la daftari. Boksi la nyonga bandia linakuja na stika zenye namba ya toleo. Nimeona stika hizo zimebaki kwenye boksi, na boksi limekwenda kuchomwa. Stika moja iende kwenye faili la mgonjwa, moja kwenye daftari la chumba cha upasuaji, moja apewe mgonjwa mwenyewe aiweke pamoja na kadi yake. Siku tangazo likitoka kwamba toleo fulani lina kasoro, mtamtafutaje mama wa Misungwi ambaye hamkuandika aliwekewa nini? Nchi zilizogundua mapema tatizo la chuma kwa chuma ziligundua kwa sababu zilikuwa na daftari la taifa. Sweden wanaandika nyonga zao tangu mwaka 1979. Na kifaa kikikushangaza, kiwe hendipisi au nyonga, toeni taarifa kwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Msikizike kwenye stoo. Beringi za vifaa vyetu vya kawaida nazo ziandikwe: namba kamili pamoja na herufi zake zote za mwisho, chuma, grisi, tarehe. Herufi hizo ndizo zinazokuambia kama ina kifuniko cha chuma au sili ya mpira, na kama ulegevu wake ni wa kawaida au mkubwa.

Mwenyekiti, naona unaniangalia, nimalizie. Pale kwenye meza ya dirishani nimeweka trei tatu. Ya kwanza ina beringi mpya za 608 kutoka maduka matano ya mjini hapa, namba zimefunikwa kwa utepe. Ya pili ina zile za sentrifuji ya Ukerewe, na kioo cha kukuzia. Ya tatu ina hendipisi ile, nimeitunza hadi leo, na uji wake wa kahawia ulivyokauka. Nawaomba wanafunzi watangulie. Nawa mikono, shika ringi ya ndani kwa vidole viwili, zungusha ya nje taratibu karibu na sikio. Andika kwenye karatasi ipi ungeifunga na itaishi wapi, kisha tuje tuzifungue pamoja.